Nyimbo na michezo ya watoto wadogo wakati wa janga: kipi kibadilike, kipi kisiguswe

Tarehe 10 Machi 2020, siku moja kabla Shirika la Afya Duniani (WHO) halijatangaza kwamba korona imekuwa janga la dunia, kwaya moja ya mji wa Mount Vernon, jimbo la Washington nchini Marekani, ilikutana kwa mazoezi yake ya kawaida. Walihudhuria watu 61, wengi wao wazee. Umri wa kati ulikuwa miaka 69. Mmoja wao alikuwa na dalili za mafua. Waliimba, wakala vitafunwa, wakarudisha viti mahali pake, wakatawanyika baada ya saa mbili na nusu. Katika siku zilizofuata wagonjwa, yule wa kwanza akiwemo, walifika 53. Wawili walifariki.

Habari hiyo ilizunguka dunia nzima, na haikuchukua muda ikaingia mpaka madarasa ya chekechea. Sehemu nyingi watoto wa miaka minne wakaambiwa wasiimbe. Duara likavunjwa, vitambaa vya kuchezea vikafungiwa kabatini, ngoma ikawa inapigwa dawa kila inapoguswa na mkono mpya. Lakini watoto wenyewe waliendelea kukaa chumba kimoja, mara nyingi madirisha yamefungwa, wakiongea, wakilia na kupigiana kelele tangu asubuhi hadi saa ya kuchukuliwa. Kilichoondolewa kilikuwa wimbo. Sehemu kubwa ya hatari ilibaki palepale.

Kosa la masharti ya aina hiyo ni kuchanganya maswali mawili. La kwanza: ugonjwa unapita njia gani? La pili: mchezo huu unampa mtoto nini? Ukiyajibu kwa pamoja utaishia kufuta kila kitu, au kuacha kila kitu kama kilivyokuwa. Ukiyatenganisha, mara nyingi utaona unaweza kuiziba ile njia bila kukigusa kile ambacho mtoto alikuja kukitafuta.

Hewa, sauti na muda

Mtu anapopumua, kuongea au kuimba, hutoa matone ya ukubwa tofauti. Makubwa huanguka karibu, ndani ya mita moja au mbili, na ndiyo yaliyozaa kanuni ya kukaa mbalimbali. Madogo sana, yanayoitwa erosoli, hayaanguki upesi. Huelea na kujaa chumbani kama moshi wa sigara: aliye jirani na mvutaji huvuta mwingi, lakini madirisha yakifungwa saa nzima hata aliyejibanza kona ya mbali ataunusa. Kwa ugonjwa unaosafiri hivyo, mistari ya chaki sakafuni peke yake haitoshi.

Je, kuimba ni kubaya kuliko kuongea? Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Bristol, Uingereza, pamoja na wenzao, waliwapima waimbaji 25 wa kitaalamu. Walikuta kwamba mtu akiimba na akiongea kwa ukubwa uleule wa sauti, tofauti ya erosoli anazotoa si kubwa. Tofauti kubwa ililetwa na kupaza sauti. Kutoka sauti ya chini kabisa hadi ya juu kabisa, uzito wa erosoli uliongezeka mara 20 hadi 30.

Hao walikuwa watu wazima. Mwaka uliofuata yakatoka matokeo ya watafiti wa Berlin waliopima watoto wa miaka 8 hadi 10 ndani ya chumba kilichosafishwa hewa yake. Wakiongea, watoto walitoa kati ya chembe 16 na 267 kwa sekunde. Wakiimba, kati ya 141 na 1,240. Wakipiga kelele, kati ya 683 na 4,332. Tena kwa upande wa kuimba, walitoa chembe chache kuliko zilizojulikana hadi wakati ule kwa watu wazima.

Kama unafundisha watoto wadogo, zirudie namba hizo taratibu. Kuimba na kupiga kelele kunaingiliana katikati, ila kileleni ipo kelele peke yake. Watoto kumi wanaoimba kwa sauti ya kumbembeleza mtoto mchanga wanaweza kuwa na hatari ndogo kuliko watoto walewale wakigombania gari la kuchezea. Kweli, waliopimwa walikuwa wakubwa kidogo, na mtoto wa miaka mitatu akinogewa haimbi, anapayuka. Lakini hapo ndipo kazi ya mwalimu ilipo: kumfundisha sauti ndogo na kuifanya iwe ya kusisimua.

Na inasisimua kweli ikipewa nafasi. Mdoli amelala, tuimbe asiamke. Sasa tuimbe midomo ikicheza tu, sauti isitoke. Sasa mstari wa kwanza kwa sauti, wa pili kimoyomoyo huku mikono ikiendelea kupiga mapigo magotini, halafu wote tuingie mstari wa tatu kwa mpigo mmoja. Mbinu hii ya mwisho haikubuniwa kwa ajili ya korona. Ni ya siku nyingi katika ufundishaji unaofuata mawazo ya Zoltán Kodály, mtunzi na mwalimu wa Hungaria, ambao unathamini sana uwezo wa kusikia wimbo kichwani kabla ya kuutoa mdomoni. Ufundishaji huohuo hutumia ishara za mkono kwa kila noti, zilizotokana na kazi ya Mwingereza John Curwen katika karne ya 19. Mwalimu anaonyesha mkono ukipanda na kushuka, watoto wanaufuata kwa mikono yao. Chumba kiko kimya na somo la muziki linaendelea.

Tahadhari moja tu: ukishusha sauti usishushe mwendo. Watu wazima wakianza kunong'ona hupunguza kasi bila kujijua, ilhali mapigo yanayowakaa watoto wadogo ni ya haraka kuliko yanayotukaa sisi. Wimbo ukiburuzwa, wataanza kujikuna na kutazama dirishani.

Kucheza nako kuna hesabu yake. Mwili ukiruka na kukimbia, mapafu huvuta na kutoa hewa nyingi zaidi kuliko mtu akiwa amekaa. Kwa hiyo mchezo wa kuruka ndani ya chumba kilichofungwa, hata kama hakuna anayetoa sauti, si mchezo wa kimya kwa upande wa hewa. Panga hivi: ya kukimbia na kuruka yaende nje, ya taratibu yabaki ndani. Kutambaa kama kobe, kunyoosha viungo, kutembea juu ya mstari, kuganda kama sanamu, kugeuza mwili mzima kuwa ua linalochanua kwa mapigo manane.

Kuhusu chumba chenyewe, mwongozo wa WHO wa Machi 2021 ulitaja lita 10 za hewa safi kwa kila mtu kwa sekunde. Hakuna mwalimu anayeweza kupima hilo kwa macho. Njia ya mkato ni kifaa cha kupima kabonidayoksaidi, kwa kuwa gesi hiyo hutoka pumzini na hujikusanya hewa isipobadilishwa. Nje huwa ni sehemu 400 na ushee katika milioni moja. Ndani ikizidi 1,500 kwa muda mrefu, chumba hakipumui vizuri. Shule za Uingereza ziligawiwa vifaa hivyo mwaka 2021. Asiye nacho afungue madirisha ya pande mbili zinazotazamana, na ayaache wazi muda wote wa kipindi. Kufungua asubuhi na kufunga watoto wanapoingia ni kuingiza hewa safi kwa ajili ya viti.

Janga lipi?

Yote hayo yanahusu ugonjwa wa njia ya hewa. Wapo waliojifunza masharti ya korona wakayachukua kuwa ndiyo masharti ya kila janga, na hapo ndipo mambo huenda kombo. Chukua mpox, ambayo WHO iliitangaza tena kuwa dharura ya afya ya kimataifa tarehe 14 Agosti 2024. Njia yake kuu ni mgusano wa karibu, ngozi kwa ngozi, na inaweza pia kupita kwenye nguo na mashuka ya mgonjwa. Kwa ugonjwa kama huo wimbo si wa kuogopwa sana. Cha kuangalia ni kushikana mikono, kubebana mgongoni, na kile kitambaa kimoja cha hariri kinachopita mashavuni mwa kila mtoto wakati wa kucheza upepo. Ukija kwenye kipindupindu, kinachosambaa kwa maji na chakula vilivyochafuliwa, sehemu yenye uzito ni mikono na choo, na wimbo unageuka kuwa msaada kwa sababu ndio unaompimia mtoto muda wa kunawa.

Kwa korona, mwaka wa kwanza nguvu nyingi ziliishia kwenye kupangusa vitu. Aprili 2021 kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, CDC, kilieleza kwamba uwezekano wa kuambukizwa kwa kugusa mahali penye virusi kwa ujumla ni chini ya 1 kati ya 10,000 kwa kila mguso. Hiyo haimaanishi manyanga yasioshwe. Watoto wachanga hutia kila kitu mdomoni, na magonjwa mengine ya utotoni hayakwenda likizo kwa sababu korona imekuja. Inamaanisha tu kwamba mwalimu mwenye dakika kumi za kujiandaa azitumie kwanza kwenye madirisha, halafu kwenye ndoo ya sabuni.

Vyombo vya kupuliza, filimbi na vinanda vidogo vya mdomo, viwekwe kando bila mjadala, janga liwepo au lisiwepo, kama si vya mtoto mmoja mmoja. Vingine vyote vina suluhisho rahisi: kila mtoto awe na mfuko wake wenye picha yake, ndani yake vijiti viwili, nyanga moja na kitambaa kimoja. Nyanga ya chupa ya plastiki yenye punje ndani inafaa sana, ila kifuniko kigandishwe kwa gundi kali na kizungushiwe utepe wa kunata, maana punje ikimwagika mbele ya mtoto wa miaka miwili ni hatari ya kumkaba kooni leo hii.

Kinachopatikana kwenye kucheza pamoja

Sasa swali la pili, ambalo watunga masharti wengi hawakuliuliza. Mtoto anapata nini akiruka pamoja na wenzake ambacho hakipati akiruka peke yake?

Mwaka 2014 Laura Cirelli na wenzake wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, walichapisha jaribio la watoto wa miezi 14. Mtoto alibebwa kifuani na msaidizi akirushwarushwa kwa kufuata muziki, huku mtu mwingine mbele yake naye akirukaruka, ama kwa mapigo yaleyale ama nje ya mapigo. Baadaye yule mtu wa mbele akajifanya ameangusha vitu. Watoto waliokuwa wameruka naye kwa mapigo mamoja walimwokotea zaidi. Miaka minne kabla yake, Sebastian Kirschner na Michael Tomasello nchini Ujerumani walikuwa wameona jambo la jamaa moja kwa watoto wa miaka minne: waliocheza pamoja kwa wimbo na mapigo walisaidiana zaidi baadaye kuliko waliocheza mchezo wa aina hiyo usio na muziki. Na katika jaribio lao la 2009, hata watoto wa miaka miwili na nusu walifuata mapigo vizuri zaidi wakipiga ngoma na mtu kuliko wakifuata mashine au sauti ya spika.

Ukiyaweka pamoja, unaona kwamba wimbo wenyewe ni sehemu tu ya jambo. Kinachofanya kazi ni kwenda sawa na mtu unayemwona. Ndiyo maana kuwapanga watoto kwenye madawati wakitazama kisogo cha mwenzao na kuwachezea wimbo wa spika ni badiliko lililoonekana salama kwenye karatasi, na likaua karibu kila kitu. Kinachostahili kulindwa kwa wivu ni vitu vichache: mapigo ya pamoja, kuonana uso kwa uso, zamu ya kila mmoja, jina lake kutajwa, na mwili kuchoka. La mwisho si anasa. Mwongozo wa WHO wa 2019 unataka mtoto wa mwaka mmoja hadi minne apate angalau dakika 180 za kujongea kwa siku, na kuanzia miaka mitatu, dakika 60 kati ya hizo ziwe za kumtoa jasho.

Duara, hatua kwa hatua

Tuuchukue mchezo mmoja unaojulikana karibu kila mahali. Watoto 20 ukumbini wameshikana mikono. Wanazunguka wakiimba, wimbo unapanda, wanakimbilia katikati wakipiga ukelele, kisha wanaanguka chini wote. Wanacheka, wanainuka, wanaomba tena.

Kwa ugonjwa wa njia ya hewa, matatizo ni manne: ukumbi, idadi, ukelele na kule kukusanyika katikati. Kushikana mikono ni tatizo la tano, dogo kuliko hayo. Utamu nao una mambo yake: kuzunguka kwa hatua moja, kungoja kuanguka, na kuanguka kwa pamoja. Ukiangalia vizuri, hakuna hata moja la orodha ya pili linalodai chochote cha orodha ya kwanza.

Toka nje. Gawa kundi, watoto wanane kwa wakati. Chukua kamba ya mita 12, unganisha ncha zake, na kila baada ya mita moja na nusu funga utepe wa rangi. Kila mtoto ashike utepe wake. Unapata duara lenye upana unaokaribia mita nne. Mtoto wa miaka minne hajui mita ni nini na hatajua ukimwambia mara mia, lakini kushika utepe wa njano anaweza, na kamba ikilegea anaona mwenyewe kwamba amesogea mno. Hapo umeacha kuwa askari wa kuhesabu umbali. Kamba inafanya kazi hiyo.

Piga mapigo kwa ngoma ndogo, wao watembee wakiimba kwa sauti ya kuongea. Ikifika pale pa kukimbilia katikati, mnakwenda chini badala ya ndani: wote wanachuchumaa polepole, sauti ikishuka pamoja na miili, hadi kimya kabisa. Kaa kwenye kimya hicho. Hesabu tatu, nne, tano moyoni. Watoto watakutumbulia macho, mabega yamepanda, wengine wamejiziba midomo kwa mkono. Kisha pigo moja la ngoma, wote wanaanguka nyasini pale walipo. Kimya cha kabla ya pigo kinawakamata kuliko ukelele ulivyowahi kuwakamata, na kwa upande wa hewa hakina gharama yoyote. Mizunguko mitatu, halafu kundi linalofuata, na hao wa kwanza wanabaki na vitambaa vyao pembeni wakiwa upepo, kila mmoja ndani ya pete yake kubwa ya plastiki iliyolazwa chini.

Nje kuna vikwazo vyake. Sauti haina kuta za kugonga na kurudi, upepo unaimeza, na mwalimu anayejaribu kuushinda kwa koo atamaliza wiki akiwa amekauka sauti. Simama umeupa ukuta mgongo ili sauti isukumwe mbele. Kaa wewe upande wa kutazama jua, wasikae wao. Maagizo yote yawe ya ngoma: pigo moja simama, mapigo mawili tembea, mpapaso wa haraka rudini kwangu. Yafundisheni hayo siku ya kwanza kabla ya wimbo wowote.

Umbali wa mita mbili kwa watoto wa chini ya miaka mitano, nikisema ninavyoona, ni agizo lisilotekelezeka, na kulifukuzia kunamharibia mtoto siku bila kumlinda sana. Kundi dogo lisilobadilika lina maana zaidi: watoto walewale, mlezi yuleyule, sehemu ileile, bila kuchanganyika na kundi la jirani. Ndani ya kundi hilo waguse, wakumbatiane, wapigane viganja. Ugonjwa ukiingia, unajua umeingia wapi na familia zipi za kupigiwa simu.

Barakoa

WHO na UNICEF walishauri Agosti 2020 kwamba watoto wa miaka mitano kushuka chini wasilazimishwe kuvaa barakoa, na kwamba mtoto asivae akiwa kwenye michezo ya kutumia nguvu. Marekani CDC iliweka mpaka kwenye miaka miwili, hivyo masharti yalitofautiana kutoka nchi hadi nchi. Popote ulipo mpaka, mwenye barakoa muda wote alikuwa mwalimu, na kwa muziki hilo ni pigo kubwa. Mtoto hujifunza maneno ya wimbo kwa kutazama mdomo. Barakoa inauficha, halafu inapunguza zaidi zile sauti nyembamba zinazobeba konsonanti, kwa hiyo wimbo mpya unafika kama irabu tupu. Barakoa zenye dirisha la plastiki huonyesha mdomo, lakini nyingi huzuia sauti kuliko zile za kawaida.

Kinachosaidia ni kutofundisha maneno mapya ukiwa umeufunika mdomo. Zifundishe nyimbo mpya nje, ukiwa umesimama mbali na umeishusha barakoa pale masharti yanaporuhusu, au rekodi video fupi ya uso wako na iangaliwe kabla. Ndani, tumia nyimbo wanazozijua tayari, na uhamishe kazi ya mdomo kwenye nyusi na mikono. Kwa mtoto asiyesikia vizuri hili si la hiari: bila mdomo na bila ishara, kipindi kizima kimempita.

Skrini na redio

Shule zilipofungwa, wengi walihamishia duara kwenye simu ya video na wakashangaa kwa nini imekuwa vurugu. Sababu ni ya kifizikia. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde. Wanamuziki waliokaa mita nane au kumi kutoka kwa mwenzao husikiana kwa kuchelewa milisekunde 25 hadi 30, na hapo ndipo uwezo wa kwenda sawa unapoanza kuyumba. Simu ya video mara nyingi huchelewa zaidi ya milisekunde 100. Mwalimu anapiga kofi, mtoto anajibu kwa wakati wake, kofi linarudi limechelewa, mwalimu anapunguza mwendo amngoje, mtoto anasikia mwendo umepungua naye anapunguza. Baada ya mistari miwili wimbo umezama. Juu ya hayo, programu nyingi huchagua sauti moja ya kuipitisha, na kwao mchakacho wa manyanga ni kelele za kuchujwa. Mtoto anatikisa kwa bidii zote, upande wa pili hakuna kinachosikika.

Kwa hiyo acha kutafuta mapigo ya pamoja kupitia waya. Zima vipaza sauti vya wote isipokuwa chako, na yale mapigo yahamie chumbani mwa mtoto: aende sawa na mzazi, kaka au bibi aliyekaa naye. Mwalimu anawaongoza wawili hao, hamwongozi mtoto peke yake. Michezo ya kuganda hufanya vizuri, kwa sababu kuchelewa kidogo hakuiharibu. Kupokezana pia: unaimba swali, unafungua kipaza sauti cha mtoto mmoja, unamtaja jina, unangoja. Kule kutajwa na kujibiwa papo hapo ndiko kunakotofautisha simu ya video na video iliyorekodiwa. Mwombe mzazi asogeze kamera nyuma mwili mzima uonekane, la sivyo utafundisha vipaji vya nyuso. Na iwe fupi. Mwongozo uleule wa WHO haupendekezi skrini kwa mtoto ambaye hajatimiza miaka miwili, na kwa wa miaka miwili hadi minne unaweka mwisho wa saa moja kwa siku. Dakika 15 za muziki zinatosha.

Asiye na intaneti hajaachwa nyuma kama inavyodhaniwa. Mwaka 1937 mlipuko wa polio ulipochelewesha kufunguliwa kwa shule za Chicago, masomo ya watoto wa darasa la tatu hadi la nane yalirushwa kwa redio. Kwa muziki wa watoto wadogo, redio au sauti iliyorekodiwa na kutumwa kwa simu ina faida ambayo skrini haina: haimkalishi mtoto chini. Siri yake ni kuacha nafasi. Mtangazaji anayejaza kila sekunde anamfanya mtoto kuwa msikilizaji. Sema "ruka mpaka mlangoni", halafu nyamaza mapigo manane, mtoto aruke.

Nyumba nyingi ni finyu, tena kuna jirani wa chini. Mpe mtoto eneo la taulo moja na umwachie ajongee humo: kusukuma ukuta kwa nguvu zote kwa mapigo kumi, kutambaa chini ya meza, kubeba mto kichwani, kujikunja na kujikunjua. Kusukuma na kubeba huchosha misuli, na hakumwamshi mtu.

Neno kuhusu nyimbo za afya. WHO inahesabu sekunde 40 hadi 60 kwa zoezi zima la kunawa kwa sabuni, kwa hiyo wimbo wa sekunde 15 uimbwe mara tatu. Upime kwa saa kabla ya kuwapa. Zaidi ya huo mmoja au wawili, zisigeuzwe nyimbo zote kuwa matangazo ya hospitali. Mtoto anayesikia habari za ugonjwa mchana kutwa anahitaji wimbo wa chura asiye na fundisho lolote.

Kurudi

WHO ilitangaza mwisho wa dharura ya korona tarehe 5 Mei 2023. Mtoto aliyekuwa na mwaka mmoja ilipoanza alikuwa na minne ilipokwisha, na baadhi yao walikuja darasani hawajawahi kumshika mkono mtoto wasiyemjua. Wengine walirudi wakiwa wamefiwa, au wakiwa wamefundishwa nyumbani kwamba mwenzako ni hatari. Kuwaambia siku ya kwanza "shikaneni mikono" ni kuwarukisha ngazi. Anza na kamba na tepe zake. Halafu kila wawili washike utepe mmoja, ncha huku na ncha huku. Halafu viganja vigusane mara moja tu kwenye pigo la mwisho la wimbo. Mkono ushikwe siku mtoto mwenyewe anapounyoosha, na anayekataa apewe ngoma, maana mpiga ngoma yumo ndani ya mchezo pia.

Madirisha yaendelee kuwa wazi, mifuko yenye picha za watoto iendelee kutumika, na mwenye homa abaki nyumbani. Sharti la kutoimba ndilo la kufuta kwanza.